Uhuru Uliopaa Bila Sentensi: Kiswahili, Malindi na Nyota Zinazopwita

Marehemu babu yangu, aliyenilea Kibokoni katika Mji wa Kale wa Mombasa, alikuwa mtu wa jahazi. Ujana wake aliutumia baina ya Lamu, Mombasa na Unguja. Uzee wake aliumalizia barazani, akiwa na bakora yake, kikombe cha kahawa chungu na maswali mengi. Swali lake moja ndilo lililonisukuma kuandika makala hii. Ulikuwa usiku wa kaskazi, umeme umekatika mtaa mzima na nyota zimejaa juu ya mapaa ya mabati. Aliniambia kwamba mwaka 1970 alisikia katika redio kuwa mtambo umerushwa angani kutoka Ngomeni, upande wa Malindi, nao umepewa jina la Uhuru. Kisha akauliza, "Mjukuu wangu, wewe uliyesoma, huo Uhuru ulikwenda kuona nini huko juu?"

Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuhitimu shahada ya kwanza ya Kiswahili. Niliweza kuchambua mizani ya tungo za Muyaka na kutaja nadharia za uhakiki kwa majina ya waasisi wake. Lakini jibu la swali lile nililianza kwa Kiswahili, nikakwama, nikakopa neno la Kiingereza, nikakopa la pili, na mwisho Kiswahili kilibaki kuwa viunganishi tu. Babu alinisikiliza kwa adabu hadi nikanyamaza. Kisha akaniuliza bei ya nguru sokoni. Alifariki kabla sijampa jibu lililo bora zaidi.

Makala hii ina madai mawili. La kwanza ni kwamba aibu ile haikuwa ya lugha, ilikuwa yangu, na kwa kiasi fulani ni ya wanafunzi na wahadhiri wote wa Kiswahili. La pili ni kwamba dawa yake imo mikononi mwetu sisi wa fasihi na lugha zaidi ya ilivyo mikononi mwa wanafizikia.

Neno letu angani

Tuanze na tukio lenyewe, kwa kuwa wengi wetu hatulijui. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, roketi ya aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, ambalo Waitaliano walikuwa wamelisimamisha baharini mkabala na Ngomeni. Roketi hiyo ilibeba setilaiti ya Marekani yenye uzito wa takriban kilo 140. Katika makaratasi ya wenyewe ilikuwa na majina ya kiofisi, lakini Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo katika shirika la anga la Marekani, NASA, aliipa jina la Uhuru kwa kuienzi nchi iliyowakaribisha na siku iliyosadifu safari hiyo.

Mahali pale hapakuchaguliwa kwa uzuri wa fukwe zake. Malindi iko karibu na ikweta, na setilaiti inayorushwa kutoka hapo inaweza kuizunguka dunia sambamba na ikweta. Kwa njia hiyo huepuka kwa kiasi kikubwa eneo lililo juu ya Atlantiki ya Kusini, ambako chembe nyingi zenye umeme huvuruga vipimo. Baina ya mwaka 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka jukwaa hilo, na kadhaa kati yake zilikuwa na kazi ya kuchunguza eksirei au miali iliyo kali zaidi kutoka angani.

Uhuru ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksirei za angani. Hewa ya dunia huzizuia eksirei hizo zisifike ardhini, ndiyo maana ilibidi chombo kipande juu ya hewa. Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973, na orodha yake ya mwisho ilisajili vyanzo 339. Riccardo Giacconi, Mwitaliano aliyehamia Marekani na aliyeongoza utafiti huo, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Kwa hiyo neno ambalo bibi zetu walilishangilia mwaka 1963 limo katika vitabu vya fizikia kote duniani. Mwanafunzi wa Tokyo au Moscow anayesoma historia ya taaluma hii hana budi kulitamka.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hiyo ni heshima kubwa kwa lugha yetu. Lakini ni heshima ya namna gani? Tulitoa jina, hatukutoa sentensi. Neno letu lilibandikwa ubavuni mwa chombo, na kila chombo kilichokiona kikaandikwa kwa lugha nyingine. Wala desturi hii haijakoma. Mwezi wa Aprili 2023 Kenya ilipeleka angani setilaiti yake ya kuitazama dunia, ikarushwa kutoka California, nayo ikaitwa Taifa-1. Jina ni tamu. Ni wangapi kati yetu walioandika hata ukurasa mmoja wa Kiswahili safi kueleza inavyofanya kazi?

Uhuru iliona nini?

Naomba sasa nimjibu babu, japo nimechelewa. Msomaji wa fasihi asikimbie. Hapana hesabu hapa.

Nyota kubwa huishi kwa kuunguza mafuta yaliyo ndani yake. Mafuta hayo yanapokwisha, kiini chake huporomoka kwa uzito wake wenyewe, na mada yake hushindiliwa hata chembe ndogo zilizomo ndani ya atomu zikagandamana na kugeuka nyutroni. Kinachobaki huitwa nyota ya nyutroni. Uzito wake ni zaidi ya ule wa jua, lakini upana wake ni kilomita ishirini na kitu tu. Tungeiweka hapa kwetu, ingeanzia Likoni, ikakimeza kisiwa chote cha Mombasa, na kuipita Mtwapa kidogo. Kijiko kimoja cha chai cha mada yake kingekuwa na uzito wa tani bilioni kadhaa.

Nyota kama hii ikiwa peke yake, kuiona ni kazi ngumu. Lakini baadhi yake zina wenza. Nyota mbili huzungukana, moja ikiwa hiyo iliyokufa na kusinyaa, nyingine ikiwa bado hai, kubwa na yenye gesi tele. Iliyosinyaa huivuta gesi ya mwenzake. Gesi hiyo kwa kawaida haianguki moja kwa moja. Huzunguka kwanza mfano wa maji yanayoingia tunduni, ikatandazika kama sinia. Inapokaribia, hukamatwa na usumaku wa nyota ile, ambao una nguvu mara trilioni na zaidi kuliko wa dunia yetu, ukaielekeza kwenye ncha mbili za sumaku. Hapo gesi huanguka kwa takriban nusu ya kasi ya mwanga. Mgongano wake huleta joto la mamilioni ya digrii, na joto hilo hutoa eksirei. Kila gramu inayoanguka hivyo hutoa nishati zaidi ya mara 10 ya ile ambayo gramu hiyo hiyo ingeitoa kwa njia inayoliwezesha jua kuwaka.

Sasa, ncha za sumaku hazilingani na mhimili ambao nyota inajizungusha juu yake. Basi nyota inapojizungusha, miale ya eksirei huzunguka nayo kama taa ya mnara wa bandarini. Taa haizimiki; inageuka tu, na baharia aliye mbali huiona ikimulika na kutoweka, ikimulika na kutoweka. Hivyo ndivyo Uhuru ilivyoiona nyota iitwayo Centaurus X-3 mwaka 1971. Eksirei zake zilikuja kwa mapigo, moja kila sekunde 4.84. Baadaye ikaonekana nyingine, Hercules X-1, yenye mapigo ya kila sekunde 1.24.

Hapo ndipo palipo na uhondo. Mapigo ya Centaurus X-3 hayakuja kwa nafasi sawasawa. Yalikaribiana kidogo, kisha yakaachana kidogo, na mzunguko huo ulijirudia kila baada ya siku 2 na ushei. Fikiria nahodha anayeondoka Mombasa kwenda Bombay, akiwa amechukua matundu ya njiwa. Kila asubuhi humwachia njiwa mmoja arudi nyumbani. Kwa kuwa jahazi linazidi kwenda mbali, kila njiwa ana safari ndefu kuliko aliyemtangulia, hivyo huwasili kwa nafasi ya zaidi ya siku moja. Jahazi likigeuza tanga kurudi, njiwa huwasili kwa nafasi ya chini ya siku moja. Aliye nyumbani, bila ya kuliona jahazi, hujua linakwenda au linarudi. Watafiti nao walijua hivyo hivyo kwamba nyota ile inakwenda na kurudi, yaani inazunguka kitu. Tena katika kila mzunguko eksirei zilipotea kwa karibu nusu siku, kwa sababu nyota ilikuwa imepita nyuma ya mwenzake mkubwa. Ilikuwa imepatwa, kama jua na mwezi vinavyopatwa.

Jambo la mwisho ndilo lililokata mzizi wa fitina. Mapigo ya redio kutoka nyota za nyutroni yalikuwa yamegunduliwa na Jocelyn Bell huko Cambridge mwaka 1967, na nyota zile zilikuwa zikipunguza kasi yake polepole kama pia inayochoka. Centaurus X-3 ilionekana kuongeza kasi. Inayochoka inaishi kwa akiba yake. Inayoongeza kasi bila shaka inalishwa. Gesi inayozunguka na kuangukia juu yake ndiyo inayoisukuma. Kwa jambo hilo binadamu alijua kwamba nyota iliyokufa inaweza kung'ara kwa chakula cha jirani yake.

Kuhusu istilahi

Msomaji ataona kwamba nimelieleza jambo hili kwa maneno ambayo karibu yote yako midomoni mwa watu. Maneno machache nimeyakopa na kuyatia sauti zetu, kama eksirei na nyutroni, nayo hayamdhuru mtu; lugha iliyokopa sinia, bandari na redio haitaogopa nyutroni. Yaliyobaki yanastahili kujadiliwa, na mjadala huo ni wetu.

Mapigo hayo tuyaiteje? Tuna kitenzi kupwita. Jipu linapoiva hupwita. Mshipa wa shingo hupwita. Moyo wa mwenye hofu hupwita. Ni mdundo unaotoka ndani, unaojirudia, na unaohisika bila ya kuonekana chanzo chake. Kutokana nacho tunapata mpwito na mipwito. Naamini nyota inayopwita ni istilahi bora kuliko umbo lolote la kukopa, kwa sababu msikilizaji huielewa kabla hajafafanuliwa.

Nyota mbili zinazozungukana, wengine huziita pacha, wengine maradufu. Nina shaka na pacha. Pacha hulingana kwa umri na mara nyingi kwa sura, ilhali nyota hizi moja ni jitu na nyingine ni kisiwa. Wenza ni neno lililo karibu zaidi na ukweli, kwa kuwa wenza hufungwa na uhusiano, hata mmoja akimla mwenzake. Na tendo la kujikusanyia gesi? Napendekeza kulimbika, kama tunavyolimbika maji ya kisima kinachotoa kidogo kidogo. Najua udhaifu wa neno hili: lina utaratibu na subira, wakati gesi ile huanguka kwa kishindo. Aliye na neno bora alilete.

Jambo ninalosisitiza ni kwamba istilahi hazikui katika orodha. TUKI ilichapa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, kazi ya kupongezwa sana. Lakini istilahi katika kamusi ni mche wa kitalu. Usipoutoa ukaupanda katika sentensi, sentensi katika aya, na aya katika insha ambayo mtu anaisoma kwa hamu, hufia kitaluni. Kupanda miche hiyo ni kazi ya mwandishi, na sisi ndio tunaodai kuwa tunafundishwa uandishi.

Je, hii ni kazi yetu?

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni ya wanafizikia. Mimi mwenyewe, nilipopendekeza mada ya tasnifu kuhusu nathari ya kisayansi katika Kiswahili, niliambiwa na mwalimu mmoja, kwa upole, kwamba hiyo si fasihi. Namheshimu, lakini sikubaliani naye. Katama Mkangi, mwana wa Pwani hii, katika Walenisi (1995) alimsafirisha mhusika wake Dzombo kwa chombo hadi ulimwengu mwingine ili atuonyeshe sisi wenyewe, na riwaya hiyo tunaihakiki madarasani bila ya kuuliza kama anga ni fasihi. Iweje chombo cha kubuni kiwe na nafasi katika silabasi zetu, na chombo cha kweli kilichoruka kutoka Pwani yetu hii hii kikose?

Wengine watasema Kiswahili tayari kilikuwa na elimu ya nyota, hivyo turudi kwenye asili. Ni kweli kwamba mabaharia wetu walijua falaki: waliijua Zuhura, Mirihi, Mushtarii na Zohali, wakulima walipanda kwa kuangalia kilimia, na mwaka uliokuwa ukihesabiwa kutoka Nairuzi kwa miongo ya siku kumikumi uliwaongoza wasafiri wa kusi na kaskazi. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipata Malindi rubani wa kumvusha hadi India. Lakini tujihadhari na majivuno ya bure. Hapana nahodha aliyeijua eksirei, na hatumheshimu nahodha kwa kumsingizia. Tunamheshimu kwa kufanya alivyofanya: aliyapokea majina ya nyota kutoka kwa Waarabu na wengineo, akayatia katika lugha yake, akayatumia hata yakawa yake.

Mji wa Kale huu huu una mfano mwingine. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanzisha gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, alikusudia kuwaeleza watu wake mambo ya dunia mpya iliyokuwa ikiwazunguka, na alitumia Kiswahili kwa sababu ndicho walichokielewa. Hakungoja baraza la lugha limpe orodha ya maneno. Aliandika.

Hoja nzito zaidi ni ya riziki. Mzazi atauliza: mtoto wangu akijua nyota wenza kwa Kiswahili, mtihani je? Nchini Kenya fizikia hutahiniwa kwa Kiingereza, na Katiba ya mwaka 2010, ingawa imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, haijabadilisha hilo. Sidai mtihani ubadilishwe kesho. Nadai jambo dogo zaidi: mtoto aelewe kwanza kwa lugha anayoiotea ndoto, kisha ajibu kwa lugha ya mtahini. Aliyekariri bila ya kuelewa hushindwa kwa lugha zote mbili, kama nilivyoshindwa mimi mbele ya babu.

Rai yangu

Napendekeza jarida letu litenge katika kila toleo kurasa chache za nathari ya kisayansi, zitakazoandikwa kwa ushirikiano wa mwanafunzi wa Kiswahili na mwanafunzi wa sayansi. Sharti liwe moja: kabla ya kuchapwa, insha isomwe kwa sauti mbele ya mtu asiye wa chuo. Asipoelewa, irudishwe. Napendekeza pia idara zetu zikubali kazi za aina hii, na tafsiri za vitabu vya sayansi zenye maelezo ya istilahi, kuwa tasnifu halali za uzamili. Safari ya kwenda Malindi na Ngomeni nayo haina gharama kubwa kwa vyama vyetu. Twende tukaandike, kwa Kiswahili, historia ya mahali hapo kama wanavyoikumbuka wazee waliozisikia roketi zile kwa masikio yao.

Sharti hilo la kusoma nimekwisha kulijaribu. Sehemu ya makala hii inayoeleza Centaurus X-3 niliisoma barazani Kibokoni, mbele ya wazee watatu waliokuwa wakinywa kahawa na babu. Walisikiliza. Habari ya njiwa waliipenda, ingawa mmoja alinikosoa kuhusu urefu wa safari ya Bombay. Kisha mzee aliyekuwa kimya muda wote, ambaye hakupata kuingia sekondari, akaniuliza, "Na hiyo nyota, itakula hivyo mpaka lini? Ikishiba je?"

Hilo ni swali halisi la fizikia. Wataalamu wanajua kwamba nyota ya nyutroni ina kikomo cha uzito, kinachokadiriwa kuwa mara 2 na kitu ya ule wa jua, na kwamba ikikipita haina nguvu ya kuizuia isiporomoke kabisa na kuwa shimo jeusi. Kikomo chenyewe hasa ni kipi, bado wanakitafuta. Nilimjibu kwa kadiri ya uwezo wangu, na safari hii sikukopa neno la Kiingereza. Naye akasema jibu lile limefupishwa mno, kesho nije na lililo refu. Mwenzangu msomaji wa fizikia au wa Kiswahili, mzee anangoja.